Gari Lililobaki kwa Jina la Marehemu

Sijui kuendesha gari. Tangu nifike Sydney nimefanya mtihani wa barabarani mara tatu, na mara ya tatu mtahini aliteremka kabla sijazima injini. Nalitaja hili mapema kwa sababu msomaji atataka kujua mtu mzima mwenye shahada mbili aliwezaje kuacha gari la rafiki yake likavutwa mchana kweupe, na hilo ndilo jibu la heshima zaidi nililonalo. Majibu mengine yanatia aibu.

Rafiki yangu alifariki mwaka wa kwanza wa korona, katika hospitali ya Westmead. Haikuwa korona, ulikuwa moyo. Alikuwa Mrundi aliyekulia kambini Kigoma, mfupi, mcheshi, msafishaji wa maofisi katikati ya jiji. Tulijuana kwenye foleni ya kliniki, miaka mingi kabla, siku aliponisikia nikilalamika kwa Kiswahili kwenye simu. Aliniomba nilalamike polepole, maana alikuwa anafaidi. Mimi ni mtu wa Tanga. Tangu siku ile aliniita mwalimu, na baada yake ukoo mzima ukaniita hivyo, hata pale chuo nilichofundisha kilipofuta mkataba wangu na nikawa sina wa kumfundisha.

Tulimzika watu kumi, kama ilivyoamriwa wakati ule. Kaka yake mkubwa alikuwa Perth, mpaka wa jimbo umefungwa, akatazama maziko kwenye simu niliyoishika mimi. Mkono ulinitetemeka, na baadaye akaniambia kwamba sehemu kubwa ya maziko ya mdogo wake aliona viatu vyangu.

Sasa, kwa Warundi hawa kuzika si kumaliza. Kwetu pia tunaanua matanga, lakini wao wanalifanya jambo lenyewe kwa uzito ambao sisi watu wa pwani tumeupunguza. Kilio kinabaki wazi mpaka siku ya kukitoa, ambayo ukoo unakaa pamoja, mkubwa wao anasimama, wanakunywa kitu kwa pamoja, na kila mwenye neno au kitu cha marehemu anaulizwa aseme. Ndipo vitu vinatolewa: hiki kwa fulani, kile kwa fulani, mbele ya watu. Kabla ya siku hiyo, vitu vya mtu ni vyake bado. Haviuzwi, havigawanywi, havibadilishwi jina.

Siku ilipangwa mara tatu, na mara tatu mpaka wa Perth ukabaki umefungwa. Basi viatu vya rafiki yangu vilikaa mlangoni pale Guildford, magharibi ya Sydney, mwaka mzima na zaidi, na gari lake dogo la rangi ya fedha likakaa barabarani chini ya dirisha la nyumba yao ya ghorofa. Mjane wake, ambaye namwita shemeji kama anavyoniita, alikuwa na leseni ya mwanafunzi tu, hivyo hakuliendesha. Kila Jumamosi aliliosha. Alikuwa mhudumu katika nyumba ya wazee, kazi ambayo wakati ule ilimrudisha nyumbani amekunjamana uso kwa alama za barakoa, lakini Jumamosi ndoo ilishuka.

Nilimuuliza wakati fulani kwa nini asilifunike tu na turubai.

"Shemeji, unamkumbuka yule mama aliyempa binamu yake gari ya bwana yake kabla ya kutoa kilio?"

Nilimkumbuka. Kila mtu alimkumbuka. Hakuna aliyemwambia neno usoni, ila kwenye shughuli zilizofuata alikaa peke yake na sahani yake.

"Mi naosha ili waone," alisema. "Siku wakija, wakute gari ya mtu wao iko palepale, inang'aa. Sitaki kusikia nimekula mali ya mtu anayeliliwa."

Kwa hiyo jambo lilikuwa hilo tangu mwanzo, na nililijua. Gari lile lilikuwa heshima yake kwa wakwe zake, imeegeshwa nje ambapo kila mpita njia angeiona.

Barua zilizokuja kwa jina la marehemu hakuzifungua, kwa sababu ileile. Aliniletea mimi. Katika watu wetu pale mimi ndiye msomaji wa barua: za shule, za kodi ya nyumba, za uhamiaji. Watu huniletea bahasha nami huvaa miwani na kukunja uso kama hakimu, halafu huwaambia kwa sentensi moja kile ambacho serikali imekisema kwa kurasa tatu. Ni kazi pekee niliyobaki nayo ambayo watu wananisubiri nimalize kusema. Lakini bahasha za rafiki yangu sikuzifungua. Niliziweka kwenye kopo la biskuti juu ya friji. Nilijiambia kwamba naheshimu mila. Hata nilianza kuandika insha kuhusu uzuri wa bahasha zisizofunguliwa, Mungu anisamehe, na ukurasa wa kwanza haukuwa mbaya. Ukweli ni kwamba sikutaka kuliona jina lake likiandikiwa na watu wasiojua kwamba amekufa.

Mwaka wa pili, katikati ya lokdauni ile ndefu iliyotufungia sisi wa magharibi ya jiji kuliko wengine wote, shemeji alinipigia simu Jumamosi moja. Sauti yake ilikuwa na furaha kidogo, kitu kilichokuwa kimeadimika.

"Shemeji, serikali wamekuja kubandika stika ya gari."

"Stika gani?"

"Ile ya kioo cha mbele. Ya orenji. Kubwa, nzuri, na tarehe iko juu."

Hapa ndipo penye aibu yenyewe. Nilikuwa nimeishi nchi hii miaka kumi na tatu. Lakini mtu asiyeendesha gari hana sababu ya kutazama vioo vya magari, na kichwani mwangu vioo vya magari vilibaki vya nyumbani. Kule gari lenye karatasi kwenye kioo ni gari lililopatana na serikali: stika ya bima, stika ya ushuru wa barabara, stika ya wiki ya usalama. Gari la kutiliwa shaka ni lile lenye kioo kitupu. Shemeji naye alikuwa amekulia kulekule. Sydney mambo yako kinyume kabisa. Usajili wa gari, ambao hapa kila mtu anauita rejo, unakaa kwenye kompyuta na hauonekani popote, na kioo kitupu ndicho kioo cha amani. Karatasi ya orenji ni ya halmashauri, nayo inasema gari hili halina rejo, liondolewe barabarani kabla ya tarehe hii, au tutaliondoa sisi.

"Usiibandue," nilimwambia, kwa ile sauti ya hakimu. "Iache hapohapo ionekane."

Naye alitii. Jumamosi mbili zilizofuata alikiosha kioo chote na kuzunguka ile stika kwa kitambaa, taratibu, isilowe.

Lilivutwa Jumanne, yeye akiwa kazini. Alirudi akakuta mstatili mkavu wa lami mahali gari lilipokuwa, na majani makavu yamepanga mstari kuuzunguka. Alidhani limeibwa. Mimi pia nilidhani hivyo, na ndipo nilipopanda kiti, nikateremsha kopo la biskuti, nikatafuta barua yenye namba ya gari ili tuwape polisi. Nilizikuta barua zote. Ya kwanza ilikumbusha kwamba rejo inakaribia kwisha. Ya pili ilisema imekwisha. Ya tatu ya halmashauri, na picha ya gari lake imechapwa humo, safi, linang'aa kweli.

Halafu nilimpigia shemeji nikamwambia yote, ikiwemo kopo. Hakunigombeza. Aliuliza tu, "Sasa tunafanya aje?"

Nilipiga simu halmashauri, wakanipa namba ya yadi ya kampuni inayovuta magari kwa niaba yao, upande wa Villawood. Yule bwana wa yadi alikuwa mstaarabu. Gari lipo, alisema, litauzwa Ijumaa. Anayeweza kulichukua ni mwenyewe aliyesajiliwa. Nikamwambia mwenyewe amefariki. Akasema pole, basi mjane aje na cheti cha kifo, cha ndoa, na kitambulisho, asaini tamko kwamba gari sasa ni lake, na alipie lori la yadi limpelekee hadi uani kwake, maana lisilo na rejo haliruhusiwi kugusa barabara.

Nilimweleza shemeji nikidhani nampa habari njema. Tulikuwa tumesimama uani kwao, mimi upande mmoja wa kamba ya nguo na yeye upande wa pili, kwa ajili ya ile mita moja na nusu ya korona.

"Nisaini kwamba ni yangu?"

"Ni karatasi tu, shemeji."

"Eh, mwalimu!" alisema, na alikuwa haniiti hivyo kamwe. "Wewe ndiye unasema ni karatasi tu? Wewe?"

Alianza kuanua nguo, moja moja, na kuzikunja begani.

"Nikisaini, nimejipa mwenyewe kitu ya mtu kabla hawajanipa. Nisiposaini, Ijumaa inauzwa, na watasema nimeipoteza. Huku nimekula, huku nimetupa. Uniambie ipi ni nzuri."

Nilipendekeza tumpigie kaka wa Perth tumwombe ruhusa. Akatikisa kichwa. Ruhusa ya pembeni, ya watu wawili kwenye simu, ndiyo hasa iliyomponza yule mama mwingine. Naye alisema aliruhusiwa. Alikunja shuka ya mwisho, akaishika kifuani.

"Wewe si ulishika simu siku ile ya maziko?"

"Nilishika. Vibaya."

"Basi utashika tena. Tutatoa kilio hukohuko iliko gari. Waione na macho yao, kaka asimame, shangazi asimame, halafu mi nitasaini."

Nilimwambia yadi ya magari si mahali pa jambo kama hilo. Akaniuliza kama kile chumba cha ofisi ya makaburi, chenye watu kumi waliohesabiwa mlangoni, kilikuwa mahali pake. Mimi niliyekuwa nimeandika ukurasa mzima kuhusu mila sikuwa nimewahi kufikiri kwamba mila inaweza kufanya haraka ikilazimika.

Alhamisi tulitembea kwa miguu. Sheria ilituruhusu kilomita tano kutoka nyumbani, na nilikuwa nimepima kwenye ramani: nne na kidogo. Alivaa kitenge cha kanisani chini ya koti la baridi, na mkononi mfuko wenye vyeti vyake vyote, chupa ya soda ya machungwa na vikombe viwili vya plastiki. Alitangulia, mimi nikafuata nyuma hatua kadhaa, tukipita maghala na gereji zilizofungwa na ule uzio mrefu wa kituo cha kuwazuilia wahamiaji. Pale kwenye uzio aliongeza mwendo.

Tulichagua saa nane mchana, ili Perth iwe saa sita na Kigoma saa moja asubuhi. Kaka alitokea kwenye skrini akiwa amevaa suti, amesimama sebuleni kwake, mkewe na watoto nyuma yake wamepangwa kama kwaya. Shangazi wa marehemu alitokea kambini, karibu mno na kamera, jicho moja na sehemu ya kilemba.

"Mko wapi hapo?" kaka aliuliza. "Mbona kuna waya?"

Shemeji alimweleza mwenyewe. Sikumsaidia. Alisimama wima mbele ya uzio wa yadi akasema gari ilibebwa na serikali, kwa sababu rejo iliisha, na rejo iliisha kwa sababu kilio hakijatoka. Kesho wanaiuza. Yeye hajasaini kitu. Amekuja kuomba kilio kitolewe leo, gari ikiwepo.

Kaka aliisogelea skrini.

"Gari iko wapi? Niione."

Lilikuwa safu ya tatu ndani, na paa tu lilionekana. Wateja hawakuruhusiwa kuingia. Nilikwenda kwenye dirisha dogo nikamweleza yule bwana wa yadi, mtu mnene mwenye barakoa iliyoteremka chini ya pua, kwa Kiingereza changu cha mihadhara, na nilipofika kwenye neno mila alinikatiza. Akauliza ni arobaini? Babu yake, alisema, alikuwa mtu wa Lebanoni, nao walimfanyia arobaini. Nikasema ni kama hiyo, ila imechelewa. Akanyoosha mkono kwa simu. Aliipangusa kwa dawa, mbele na nyuma, akaondoka nayo kati ya magari kama mtu aliyebeba sahani ya supu.

Tulisikia sauti kutoka mbali.

"Huyu mzungu ni nani?" Huyo alikuwa shangazi.

"Si mzungu, shangazi," kaka alijibu. "Ni Mwarabu."

"Anafanya nini na simu ya mwalimu?"

"Anatuonyesha gari."

"Mwambie aonyeshe kwenye usukani."

Niliita kwa sauti kutoka kwenye uzio nikitafsiri. Yule bwana akainamisha simu kwenye dirisha la dereva. Rafiki yangu alikuwa mfupi, nimeshasema, na kwenye kiti chake kulikuwa na mto, mto wa kawaida wa sofa uliobonyea katikati, ambao bila huo asingeiona barabara. Shemeji alikuwa akiosha nje tu. Milango hakuifungua mwaka mzima.

Kisha shangazi akasema taratibu, "Alikuwa anakalia mto. Hata shuleni alikuwa anakalia matofali," na sauti ikamkatika.

Yule bwana alirudi, akatukabidhi simu, wala hakurudi dirishani kwake. Alisimama kando, akaipandisha barakoa juu ya pua.

Kaka alisafisha koo na kuanza. Sitaandika maneno yote, ni yao. Alimtaja mdogo wake kwa majina yake yote. Aliomba dua. Kisha akauliza kama inavyopasa: kuna mtu ana neno la marehemu, au kitu chake, aseme sasa au anyamaze.

Nilikuwa nimeshika simu kwa mikono miwili ili isitetemeke. Nilijua hakuna aliyenitazamia. Nilisema ninacho kitu. Nikawaambia kuhusu barua, kwamba zililetwa kwangu nisome, nami nikaziweka kwenye kopo. Na stika, kwamba niliulizwa nikajibu bila kujua. Nikasema shemeji hana kosa lolote katika hili, amelilinda gari kuliko ambavyo mtu yeyote angelilinda, mzembe ni mimi.

"Mwalimu," kaka alisema.

"Naam."

"Barua zilikuja ngapi?"

"Tatu."

"Na wewe kazi yako ni kusoma."

"Ndiyo kazi yangu."

Shangazi akacheka. Kilikuwa kicheko cha mtu aliyetoka kulia, chenye kamasi. "Alikuwa anasema hivyohivyo! Alinipigia akaniambia, shangazi, nina rafiki amesoma mpaka hajui kufunga tairi."

Watoto wa Perth nao wakacheka nyuma, na kaka akawanyamazisha, ingawa naye alikuwa ameuma mdomo. Aliniambia nimesikika, nikae. Hapakuwa na pa kukaa.

Kisha akamgeukia shemeji. Alimwita kwa jina lake kamili, na akasema mbele ya shangazi, mbele ya mkewe na wanawe, mbele ya mwalimu na mbele ya huyo Mwarabu ambaye hatumjui ila ametutendea wema, kwamba gari ya mdogo wake ni ya mama huyu. Na nguo, na viatu, na kila kilicho ndani. Amekaa na kilio vizuri. Hakuna atakayemwuliza.

Shemeji alimimina soda kwenye vikombe viwili, kimoja akakiweka juu ya nguzo ya saruji na kurudi nyuma ili nami nikichukue. Perth walikuwa na glasi zao. Shangazi alikuwa na chai. Tulishusha barakoa, tukanywa, tukazipandisha.

Fomu ilikuwa ya ukurasa mmoja. Aliijaza dirishani kwa herufi kubwa, akiniuliza kidogo tu. Alipofika kwenye kisanduku cha uhusiano na mmiliki alisimama, akaniuliza mjane inaandikwaje. Nikamtajia herufi moja moja. Aliziandika, akazitazama, kisha akasaini chini, na ndipo akalia, kwa sauti, mkono mmoja umeshika kizingiti cha lile dirisha, kama ambavyo hakulia siku ya maziko wala siku yoyote niliyoiona. Nilisimama mita moja na nusu nyuma yake. Sikujua mikono yangu niiweke wapi.

Yule bwana wa yadi alingoja. Alipoona kilio hakiishi, aliniambia kwa sauti ya chini kwamba kama mama anahitaji muda, kesho pia watakuwepo mpaka jioni, na gari hataliuza.

Nilimtafsiria. Alijifuta uso kwa ncha ya kitenge, akavuta pumzi.

"Hapana," alisema. "Mwambie aipakie sasa."